UKUMBI WA MAARIFA: Herufi Tatu Juu ya Mfuko wa Mbolea

Juma lililopita nilipanda gari la abiria kutoka Nyeri kwenda Karatina, nikaketi nyuma ya mama mmoja mtu mzima ambaye mfuko wake wa mbolea ulikuwa umelazwa karibu na mlango. Kando yake aliketi kijana mwanafunzi. Yule mama akanyosha kidole kuonyesha herufi zilizopigwa chapa juu ya mfuko, akauliza, "Mwanangu, wewe usomaye, hizi N na P na K maana yake nini?"

Kijana akajibu upesi, "Ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu, mama."

Mama akafikiri kidogo, kisha akasema, "Hiyo N naisikia. Lakini fosforasi yaanza kwa F, na katika potasiamu sisikii K hata moja. Je, waliopiga chapa wamekosea?"

Abiria wakacheka, na kijana akacheka nao, wala hakujibu. Mimi nami, karani wa serikali niliyekaa miaka minne katika shule ya misheni nikikariri mambo hayo hayo, nilitazama dirishani nikanyamaza.

Wasomaji wapenzi, swali la mama yule ni swali jema, na juma hili nataka kulijibu. Lakini yanipasa kuungama kwanza kwamba sikunyamaza kwa sababu ya kutojua. Nilinyamaza kwa haya, maana herufi hizo tatu zimekwisha kunigharimu mimi na jamaa zangu, na habari hiyo nitaieleza hapo mbele. Sasa tuanze na msingi, kwa kuwa nyumba haianzi kwa paa.

Chembe isiyoonekana

Kila kitu tukishikacho, jembe, maji, ugali, jiwe la mlimani na hata pumzi tuvutazo, kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Atomi za potasiamu zikipangwa katika mstari mmoja, zaidi ya milioni 2 zitaenea ndani ya milimita 1 tu. Kwa muda mrefu wenye elimu walidhani ya kuwa atomi ni punje ngumu isiyogawanyika. Mwaka 1897 Mwingereza J. J. Thomson akaonyesha kwamba ndani yake mna vitu vidogo zaidi vyenye umeme, ndizo elektroni. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, akaonyesha kwamba katikati ya atomi pana kiini, na kwamba karibu uzito wote wa atomi umo ndani ya kiini hicho. Humo mna protoni, zenye umeme chanya, na nyutroni, zisizo na umeme wo wote, ambazo ziligunduliwa na James Chadwick mwaka 1932. Elektroni, zenye umeme hasi, hukaa nje ya kiini kwa matabaka.

Ili tupate picha, twaa punje moja ya kahawa, uiweke katikati ya soko la Karatina, uiite kiini cha potasiamu. Mpaka wa atomi hiyo utakuwa mbali kupita mita 200 kila upande, na kati ya punje na mpaka huo hamna kitu ila elektroni 19. Kweli ni ajabu, lakini ndivyo ilivyo: jiwe tulionalo kuwa gumu, sehemu kubwa ya nafasi yake ni uwazi.

Idadi ya protoni ndiyo inayotoa jina. Atomi yenye protoni 1 ni hidrojeni. Yenye 7 ni naitrojeni. Yenye 15 ni fosforasi. Yenye 19 ni potasiamu. Ukiongeza protoni moja tu katika kiini cha potasiamu, haiwi potasiamu tena, imekuwa kalsiamu, ambayo nambari yake ni 20. Nyutroni zaweza kuzidi au kupungua zikabadili uzito, lakini jina halibadiliki. Kila kitu chenye atomi za jina moja tu huitwa elementi. Kwetu sisi waandishi wa ofisini jambo hili si geni: mtu aweza kunenepa au kukonda, lakini nambari ya kitambulisho chake ni ile ile.

Daftari la Mendeleev

Wazee wa pwani walizijua elementi kadhaa kabla ya neno lenyewe kufika: dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati, risasi, zebaki, kiberiti. Kufika katikati ya karne ya 19 zilikuwa zimejulikana kiasi cha 60, lakini habari zake zilitapakaa kama majalada yasiyo na kabati. Ndipo mwaka 1869 Mrusi mmoja, Dmitri Mendeleev, alipozipanga 63 katika jedwali moja, kwa kufuata uzito wa atomi zake, akaona kwamba tabia zake hurudi tena na tena kwa utaratibu.

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini kazi ya Mendeleev ilizidi ile ya kuandika mali iliyopo. Alipoona kwamba elementi ifuatayo haikufaa mahali pake, hakuilazimisha. Aliacha nafasi tupu, akasema kwamba mwenye mahali hapo hajaja bado, naye atakuja na uzito kadha wa kadha. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akagundua galiamu, nayo ikafaa nafasi mojawapo. Mfaransa huyo alipopima uzito wake kwa kuulinganisha na wa maji alipata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa ameiona wala kuishika, akamwambia apime upya, maana yapasa iwe karibu 5.9. Mfaransa akaisafisha galiamu yake, akapima tena, akapata 5.9. Tazameni, ndugu zangu, nguvu ya daftari lililopangwa vyema: karani alitambua kosa la mwenye mali.

Mwaka 1913 kijana Mwingereza, Henry Moseley, akathibitisha kwamba utaratibu wa kweli si wa uzito bali ni wa ile nambari ya umeme wa kiini, ambayo leo twaijua kuwa ndiyo idadi ya protoni. Aliuawa vitani huko Gallipoli mwaka 1915, umri wake miaka 27. Leo jedwali lina elementi 118, na nne za mwisho kuingizwa zilipewa majina yake mwaka 2016.

Ukoo na rika

Sisi watu wa mlimani, tangu Nanyuki hata Chuka, tunayo njia nyepesi ya kulisoma jedwali hilo. Kwetu kila mtu ana mambo mawili: ukoo aliozaliwa, na rika alilotahiriwa nalo. Elementi nazo ni hivyo hivyo. Zilizo katika safu moja, kushoto kwenda kulia, zina idadi moja ya matabaka ya elektroni. Hizo ni rika. Zilizo katika nguzo moja, juu kwenda chini, kwa desturi zina elektroni sawasawa katika tabaka la nje kabisa. Hizo ni ukoo, na tabia zao hushabihiana.

Sodiamu ina elektroni 11, zilizopangwa 2, 8, 1. Potasiamu ina 19, zilizopangwa 2, 8, 8, 1. Rika zao ni mbali mbali, lakini kila mojawapo ina elektroni moja ya pekee huko nje, nayo huitoa upesi. Kwa hiyo zote mbili ni metali laini zinazokatika kwa kisu, na zote mbili hupambana na maji kwa ukali hata kuwaka. Klorini, nambari 17, imepangwa 2, 8, 7. Imepungukiwa na moja tu, nayo huinyakua popote iipatapo. Klorini peke yake ni hewa ya sumu. Lakini sodiamu ikitoa ile moja na klorini ikaipokea, vitu viwili vya kuogofya huwa chumvi ya mezani. Argoni, nambari 18, imepangwa 2, 8, 8. Haitaki kutoa wala kupokea, kwa hiyo huishi peke yake.

Katika ukoo wa klorini yumo ndugu yake aitwaye iodini, nambari 53. Mwili wahitaji kidogo sana cha iodini, lakini ukikikosa, tezi la shingo huvimba likawa rovu, na mtoto aliye tumboni aweza kuzaliwa na akili dhaifu. Nchi za milima mara nyingi hupungukiwa na iodini kwa kuwa mvua huiosha udongoni. Kwa sababu hiyo mwaka 1978 sheria ya Kenya iliagiza chumvi ya kula itiwe iodini. Kadhalika, zamani ng'ombe wa upande wa Nakuru walikonda na kufa katikati ya majani mabichi, na ugonjwa huo ukaitwa kwa jina la mahali pale, mpaka ikajulikana ya kuwa majani yale yalikosa chembe kidogo tu ya kobalti, elementi ya 27. Basi msidhani jedwali hili ni pambo la ukuta wa darasa. Kuna watu na wanyama waliokufa kwa kukosa kimoja cha vyumba vyake.

Hesabu ya mfuko

Sasa turudi garini. Mfuko wa mama yule ulikuwa wa kilo 50, umeandikwa 17-17-17. Maana yake, katika kila kilo 100 za mbolea hiyo mna kilo 17 za naitrojeni. Kwa hiyo katika mfuko mmoja mna kilo 8 na nusu. Lakini nambari ya pili na ya tatu zina desturi yake ya kale: fosforasi huhesabiwa kana kwamba imeshikana na oksijeni, na potasiamu vile vile. Ukiondoa oksijeni hiyo, fosforasi yenyewe katika mfuko huo ni kiasi cha kilo 3.7, na potasiamu ni kiasi cha kilo 7. Kinachobaki ni elementi nyingine zilizoshikana nazo, pamoja na vitu vya kujaliza.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini wasituuzie naitrojeni tupu, fosforasi tupu na potasiamu tupu, tukapunguza nauli? Jibu limo katika mpango wa elektroni. Potasiamu tupu ingewaka mvua ya kwanza inaponyesha. Fosforasi nyeupe ikiwa tupu huwaka yenyewe hewani. Na naitrojeni tupu imetuzunguka tayari, maana ni sehemu 78 katika kila sehemu 100 za hewa. Lakini humo atomi zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu kuu, na mimea mingi haiwezi kuzitenganisha. Maharagwe ndiyo yenye bahati, kwa kuwa vijidudu vikaavyo katika vifundo vya mizizi yake huifanya kazi hiyo bila malipo. Binadamu alijifunza kuifanya katika viwanda kwa ustadi wa Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch, na kiwanda cha kwanza kilianza mwaka 1913.

Shamba la baba

Hapa ndipo nilipoahidi kueleza habari yangu. Baba analo shamba la mahindi na maharagwe kwenye mteremko upande wa Othaya. Shamba hilo ndilo lililonilipia ada mimi, nalo ndilo lililotegemewa kumlipia mdogo wangu wa kike. Nilipopata kazi nilifurahi kumsaidia mzee, na kila msimu nilimnunulia mbolea ya kupandia, ile iandikwayo 18-46-0. Sikuwahi kuuliza nambari hizo zina maana gani. Niliuliza bei.

Kwa miaka kadhaa mavuno yalikuwa mema, kisha yakaanza kushuka. Nilifikiri dawa ni kuongeza, nikaongeza. Msimu mmoja, shamba lililokuwa likitoa magunia 9 ya maharagwe likatoa 3. Majani yalikuwa manjano, na tulipong'oa mche tukaona mizizi mifupi, minene, kama vidole vilivyokatika. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuitwa chuoni. Akakaa nyumbani mwaka mzima. Hakunilaumu kwa neno hata moja, nalo hilo lilinichoma zaidi.

Nikachukua udongo kutoka pembe mbali mbali za shamba, nikaupeleka ukapimwe. Jibu likaja: uchachu wa udongo ni 4.6. Katika kipimo hicho 7 ndiyo katikati, na kila hatua moja ya kushuka ni uchachu mara 10. Afisa wa kilimo akaja akatueleza, na alipokuwa akieleza nikaona lile jedwali la shuleni limesimama mbele yangu kama shahidi.

Maana uchachu ni nini? Atomi ya hidrojeni ina protoni 1 na elektroni 1 tu. Ikinyang'anywa elektroni hiyo, hubaki protoni iliyo uchi. Na kipimo cha uchachu ni hesabu ya protoni hizo zilizo huru majini. Mbolea niliyonunua huleta naitrojeni yake pamoja na hidrojeni, na vijidudu vya udongoni vinapoigeuza ili mmea uitumie, huziacha protoni. Msimu mmoja si kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Udongo wetu mwekundu una wekundu huo kwa sababu ya chuma kilichoshikana na oksijeni, nao una alumini nyingi pia, nambari 13. Uchachu ukizidi, alumini huyeyuka ikadumaza mizizi. Na chuma na alumini hizo huikamata fosforasi hata mmea usiipate. Kwa hiyo ile 46 niliyoilipia kwa mshahara wangu ilikuwamo shambani, lakini imefungwa gerezani, na mlinzi wa gereza nilimlisha mimi mwenyewe.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama, akasema kwa upole, "Wewe ndiwe uliyesoma. Mimi nilisoma bei tu." Sikumwambia ya kuwa mimi nami nilisoma bei tu.

Dawa ilikuwa chokaa ya shambani, ambayo ni kalsiamu, kaboni na oksijeni. Ikikutana na zile protoni huzitwaa, ikaacha maji, na hewa ya kaboni ikapaa, na kalsiamu ikabaki udongoni. Haifanyi kazi kwa siku moja. Mifuko ile mdogo wangu aliibeba mgongoni kupandisha mteremko, maana gari halifiki. Msimu wa pili tulivuna magunia 7, naye sasa yuko chuoni.

Mambo matatu ya kushika

Kwa hiyo nawashauri wasomaji, hasa vijana ambao wazazi wao huwatuma mjini kununua mbolea. Kwanza, pelekeni udongo upimwe kabla ya kununua. Iko maabara ya utafiti wa kilimo huko Kabete, na maafisa wa kilimo wataelekeza namna ya kuuchukua. Pili, someni nambari, mkajue shamba linahitaji nini, maana kumpa mwenye kiu chakula si kumsaidia. Tatu, tunzeni mfuko na risiti. Mwaka 2024 nchi ya Kenya ilishtuka kwa habari za mbolea bandia, ambazo nyingine ziliuzwa hata katika mpango wa ruzuku ya serikali. Mwizi naye ajua kupiga chapa herufi. Mchanga pia umejengwa kwa elementi, silikoni na oksijeni, lakini hizo sizo tulizolipia. Mkulima aliyetunza mfuko na risiti anayo hoja ya kushika mkononi. Asiye navyo anayo hasira tu.

Jibu la mama

Sasa mama yangu wa Karatina, kama gazeti hili litakufikia, jibu lako ni hili. Waliopiga chapa hawakukosea. Herufi za elementi zilianzishwa na Msweden aitwaye Berzelius katika miaka ya 1810, naye alifuata majina ya Kilatini ili mataifa yote yaandike namna moja. Fosforasi kwa asili ni neno la Kiyunani, maana yake mchukua nuru, kwa sababu ile nyeupe hung'aa gizani; nalo likiandikwa Kilatini huanza kwa P ikifuatwa na H. Potasiamu ilitengwa peke yake mara ya kwanza na Mwingereza Humphry Davy mwaka 1807 kwa nguvu ya umeme. Davy aliipa jina kutokana na majivu yaliyopikwa chunguni, lakini kwa Kilatini cha wataalamu huitwa kalium, na hiyo ndiyo K yako. Neno hilo lilitoka katika Kiarabu, nalo pia maana yake ni majivu ya mimea.

Nyanya yangu hakujua kusoma. Kila asubuhi alizoa majivu ya jikoni, akayamwaga mashinani mwa migomba, na ndizi zake zilisifiwa kijiji kizima. Majivu hayo yana potasiamu, tena hupunguza uchachu wa udongo. Basi herufi ile ambayo mjukuu wake alilipiwa ada ili aikariri, yeye alikuwa akiibeba kila siku katika kipande cha gae, bila kuijua jina.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya maji ya mito itokayo mlimani, na kwa nini mengine hukataa kutoa povu la sabuni. Mwenye swali na aniletee. Kuuliza si ujinga, na safari hii nimeazimia kutonyamaza.

Ni mimi,
Karani wa Nyeri